Kabla ya kununua kamera nyingine, jifunze kusoma saa ya video yako

Mteja hatakwambia kwamba video yako ina shida ya fremu. Hajui neno hilo na hana haja nalo. Atakwambia tu, "Kijana, mbona mchungaji anasema Amina mdomo ukiwa umefungwa?" Halafu atanyamaza. Halafu ile nusu ya pesa iliyobaki itaanza kukupiga chenga: leo simu imezimwa, kesho yuko safarini, kesho kutwa "tutaongea."

Kama unafanya kazi ya video huku kwetu Kisii na Nyamira, hadithi hii unaijua. Kuanzia Daraja Mbili hadi Keroka, kutoka Suneka hadi Kebirigo, kila mtaa una kijana mwenye kamera, tripodi na namba ya simu iliyobandikwa ukutani. Harusi, ruracio, mazishi, uzinduzi wa albamu ya injili, yote yanarekodiwa. Mazishi ndiyo yanaongoza, kwa sababu jamaa zetu wako Nairobi, wako Ghuba, wako Minnesota, na wote wanataka kumwona mzee akizikwa hata kama hawakupata tiketi ya ndege. Kazi iko. Pesa iko. Lakini malalamiko nayo yako, na mengi yanahusu jambo moja: sauti na picha haziendi pamoja.

Sasa angalia tunavyojibu. Mtu akilalamikiwa mara mbili, anakimbia kukopa. Ananunua kamera kubwa zaidi, anaongeza droni, anabadilisha laptopu. Mwezi unaofuata sauti bado inatangulia mdomo, ila sasa inatangulia kwa picha safi sana.

Mimi nasema kinachotuangusha si kamera. Ni saa. Na saa ya video ni kitu ambacho unaweza kukiandika kwenye faili ya maandishi ya kawaida, ile ile ya Notepad unayoandikia madeni ya dukani. Kijana anayejua kusoma na kuandika faili hiyo ataokoa kazi ambayo mwenye kamera ya bei ya pikipiki ameshindwa nayo. Ndiyo maana nadhani hili lingefundishwa kabla ya mtu kuonyeshwa kitufe cha kurekodi.

Video ni picha na ratiba

Tuanze na msingi. Video ni picha nyingi zilizosimama, tunaziita fremu, zinazoonyeshwa moja baada ya nyingine. Ukirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, kila picha inakaa kwenye skrini milisekunde 40. Ukirekodi kwa fremu 30, kila moja inakaa milisekunde 33 na kidogo. Runinga zetu Kenya zilirithi fremu 25, kwa sababu umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde na mfumo wa PAL ulijengwa juu ya hesabu hiyo. Wamarekani umeme wao unapiga mara 60, wakaenda na 30. Halafu rangi ilipoingia kwenye runinga zao mwaka 1953, wakaishusha hadi 29.97. Simu zetu nyingi zinakuja zimewekwa 30.

Ukiona 29.97 na 30 unaweza kudhani ni kitu kimoja. Jaribu kuzichanganya kwenye ibada ya saa moja. Tofauti ni sekunde 3.6 mwishoni. Changanya 24 na 25, na saa moja ya filamu inapungua kwa dakika 2 na sekunde 24. Hapo mchungaji hatangulii mdomo tu, ameshamaliza mahubiri na kurudi nyumbani.

Macho na masikio ya binadamu hayahitaji sekunde nzima kugundua. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeandika kwenye mapendekezo yake kwamba sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, watu wanaanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa. Sauti ikichelewa, watu wanavumilia hadi 125 hivi. Ukifikiria utaona inaleta maana. Maishani sauti huwa inachelewa. Ukiwa upande wa pili wa uwanja wa Gusii, unamwona mchezaji akipiga mpira kwanza, mlio unafika baadaye. Hakuna siku umewahi kusikia mlio kabla ya mguu kugusa mpira. Kwa hiyo sauti ikitangulia, ubongo unakataa.

Huyo adui wa milisekunde 45 ni kama fremu moja na nusu tu kwenye simu yako.

Mvua ya saa tisa na simu yako

Hapa ndipo mambo yanakuwa ya kwetu. Kamera za studio hurekodi kwa mwendo mmoja usiobadilika. Simu haiko hivyo. Simu ikiona giza, nyingi hupunguza fremu ili kila picha ipate mwanga wa kutosha. Simu ikipata joto au ikilemewa na kazi, inaruka fremu. Kwa hiyo ndani ya video moja, unaweza kuwa na fremu 30 kwa sekunde asubuhi, 24 saa tisa, halafu 30 tena.

Na wewe unajua hali ya hewa ya Ugusii. Asubuhi jua, alasiri mvua. Mazishi yanaanza mwanga ukiwa mwingi. Ikifika zamu ya wasemaji wakubwa, mawingu yanashuka, watu wote wanasongamana chini ya tenti, na chini ya tenti ni giza. Simu yako inashusha mwendo kimyakimya bila kukuuliza. Sauti haishuki. Maikrofoni ina saa yake na inaendelea kurekodi kama kawaida.

Ukiicheza video hiyo kwenye simu yenyewe, kila kitu kiko sawa. Kwa nini? Kwa sababu simu iliandika ndani ya faili wakati halisi wa kila fremu. Fremu hii ilichukuliwa wakati huu, hii wakati ule. Kichezaji kinafuata ratiba hiyo. Shida inaanza ukiipeleka kwenye programu ya kuediti, hasa zile za zamani. Programu inaangalia mwanzo, inaona 30, inasema sawa, zote ni 30. Ratiba inatupwa. Fremu zilizopigwa polepole zinachezwa haraka, picha inawahi kuisha, sauti inabaki nyuma ikimaliza wimbo peke yake.

Kwa hiyo kipimo chako cha kwanza ni hiki: video ikiwa sawa kwenye simu na ikiharibika kwenye laptopu, usimlaumu mtu wa spika wala maikrofoni. Umepoteza ratiba.

Faili yenyewe inakaaje

Kuna programu ya bure inaitwa MKVToolNix. Inafanya kazi Windows, Linux na Mac. Imejengwa kwa ajili ya aina ya faili inayoitwa Matroska, zile za MKV unazozijua kutoka kwa jamaa wa kuuza sinema. Jina lake limetoka kwa wale wanasesere wa Kirusi wanaoingizwa mmoja ndani ya mwingine, na mwaka 2024 Matroska ilichapishwa rasmi kama kiwango cha intaneti. Ndani ya faili kama hiyo, picha, sauti na maandishi vinakaa pamoja lakini kila kimoja na chake. Unaweza kuitoa ratiba ya picha, ukaisoma, ukaibadilisha, ukairudisha.

Ratiba ikitoka, inakuwa hivi:

# timestamp format v2
0
33.333
66.667
100

Basi. Mstari wa kwanza unaitambulisha faili. Faili za zamani zinaandika timecode badala ya timestamp, maana ni ile ile. Baada ya hapo, kila mstari ni fremu moja, na namba ni milisekunde tangu video ianze. Unashuka chini ukiangalia pengo kati ya mstari na mstari. Ukiona 33, 33, 33, halafu ghafla 41, 41, 66, 41, hapo ndipo mvua ilianza. Huhitaji digrii kuona hilo. Ukijua kutoa, umejua.

Kuipata ni amri moja baada ya kugeuza video yako kuwa MKV:

mkvextract video.mkv timestamps_v2 0:saa.txt

Aina hii ya pili ni ndefu. Mazishi ya saa tatu kwa fremu 30 ni mistari 324,000. Kuna aina ya kwanza, fupi, ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu unaweza kuiandika kwa mkono. Chukua mfano rahisi. Dakika 20 za kwanza simu ilienda 30. Mvua ikaja, dakika 20 zilizofuata ikaenda 24. Halafu jua likarudi, ikarudi 30. Faili nzima ni hii:

# timestamp format v1
assume 30
36000,64799,24

Maana yake: chukulia kila kitu ni 30, isipokuwa fremu ya 36,000 hadi ya 64,799, hizo ni 24. Mistari mitatu. Bila mistari hiyo, zile dakika 20 za mvua zinachezwa kwa dakika 16, na kuanzia hapo hadi mwisho wa mazishi picha iko mbele ya sauti kwa dakika nne. Ukiwa nayo, unaiweka kwenye MKVToolNix pale kwenye sehemu ya faili ya muda, unabonyeza kuanza, na imerudi.

Kuna pia aina ya tatu ambayo inakubali uandike pengo, yaani sekunde kadhaa hapa hakuna kitu, kwa mashine ambazo hazikurekodi chochote kwa muda fulani. Ya nne inafanana na ya pili, ila haikulazimishi mistari iwe kwa mpangilio. Kwa kazi zetu za kila siku, mbili za kwanza zinatosha.

Kuna jambo moja la pesa hapa. Kubadilisha ratiba hakugusi picha zenyewe. Hakuna kurenda. Laptopu yako ya mtumba, ile inayopiga kelele kama posho mill, inaimaliza kazi hii kwa dakika chache, kwa sababu inanakili faili tu na kuandika saa mpya. Linganisha na kurenda upya saa tatu za video usiku kucha huku ukiomba stima isipotee. Stima ikipotea saa kumi alfajiri, unaanza upya.

Familia moja na sauti ya bibi

Mwaka jana familia moja kutoka upande wa Nyamaiya iliniletea diski. Walikuwa wamemzika bibi yao. Kabla hajafariki, siku ya kutimiza miaka 80, wajukuu walimrekodi akiimba nyimbo za zamani za Ekegusii, na mzee mmoja jirani akimpigia obokano. Kikundi fulani kilichukua rekodi hiyo, kikaipamba kwa rangi na majina, kikawarudishia, halafu kikafuta zile za awali ili kupata nafasi kwenye memori. Hakuna haja ya kuwataja. Tabia hiyo imeenea.

Obokano ni kinanda cha nyuzi nane. Vidole vinaonekana. Sauti ikihama kidogo tu, unaona mkono umetulia na uzi unalia. Binti mkubwa wa marehemu, mama wa miaka sitini na kitu, aliangalia kwa dakika moja akasema, "Mwanangu, huyu ni mama yangu, lakini ni kama mtu mwingine anaimba nyuma ya pazia."

Nikamwambia, "Mama, niachie siku mbili."

Faili halisi haikuwepo, kwa hiyo ratiba ya kweli ilikuwa imepotea. Lakini fremu zote zilikuwepo na sauti ilikuwa nzima. Kilichobaki ni kuipima ratiba kwa macho. Nilitafuta sehemu ambazo picha na sauti zinakutana bila ubishi: kofi, mlango kufungwa, kidole kinapoachia uzi wa obokano. Kwa kila sehemu niliandika namba ya fremu na sekunde ya sauti. Ukiwa na sehemu mbili, unagawanya: fremu zilizo katikati kwa sekunde zilizo katikati, unapata mwendo wa kweli. Fremu 106,800 kwa sekunde 3,600, kwa mfano, ni 29.667. Ukirudia hivyo kwa kila kipande, unapata mistari ya faili.

Mwishowe faili yangu ilikuwa na mistari tisa. Tisa! Nikaiweka, nikaicheza. Yule mama alikuja na dada zake wawili. Hawakusema chochote kuhusu fremu. Walianza kuimba naye.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Harusi ukiiharibu, wenye harusi wako hai, mnaweza kugombana na kuelewana. Bibi hawezi kuitwa aimbe tena. Watu wanaozijua nyimbo hizo kwa ukamilifu wanapungua kila mwaka, na wengi wao watarekodiwa mara moja tu, na simu, chini ya tenti, mvua ikinyesha. Ikiwa sisi tunaowarekodi hatujui saa inakaa wapi, tutakuwa na rekodi nyingi na nyingi zitakuwa zimevunjika.

Maandishi ya chini nayo ni saa

Kuna faili nyingine ya maandishi ambayo bila shaka umewahi kuiona hata kama hukuijali: SRT. Ile inayobeba maneno yanayopita chini ya sinema. Ifungue kwa Notepad. Utakuta namba, kisha mstari wa muda wa kuanza na kuisha, kisha maneno, kisha mstari mtupu. Muda umeandikwa hivi:

00:01:12,500 --> 00:01:15,000

Saa, dakika, sekunde, na baada ya koma, milisekunde. Hiyo tu. Unaweza kuiandika kwenye simu ukiwa kwenye matatu ya kwenda Nyamira.

Zamani kulikuwa na aina nyingine, ya MicroDVD, ambayo haikuandika saa. Iliandika namba ya fremu ndani ya mabano. Anza fremu ya 1,800, ishia fremu ya 1,875. Ikiwa video yako ni ya fremu 25, maneno yanatokea sekunde ya 72. Mtu akiwa na nakala ya fremu 24, maneno hayo hayo yanatokea sekunde ya 75. Maneno ni sahihi, video ni sahihi, na bado havikutani. Ndiyo sababu nasema: unapoandika muda wa kitu unachotaka kidumu, andika saa, usiandike namba ya fremu peke yake.

Kwa nini hili linatuhusu? Kwa sababu wajukuu wa Nairobi na wa Minneapolis hawaelewi Ekegusii cha bibi. Video ya bibi ikija na SRT mbili, moja ya Ekegusii na moja ya Kiswahili, mtoto wa darasa la nne anaweza kufuata. Na faili ya MKV inakuruhusu kuandika lugha ya kila njia: Ekegusii kina msimbo wake wa kimataifa, guz. Ukiuweka, kichezaji kitajua kwamba hiki ni Ekegusii na si "lugha isiyojulikana." Ni herufi tatu tu, lakini mimi nikiziona kwenye skrini huwa nasimama wima kidogo.

"Lakini apu inafanya yote hayo"

Najua mtanijibu nini, kwa sababu mmeshanijibu mara nyingi.

Wa kwanza anasema, weka simu kwenye mwendo usiobadilika na maneno yameisha. Ni kweli, na ufanye hivyo. Kuna apu za kamera zinazokuruhusu kufunga fremu kwenye 25 au 30. Kama mko wawili, mmoja na kamera na mwingine na simu, kubalianeni namba moja kabla hamjaondoka nyumbani. Lakini utafungaje simu ya shangazi aliyerekodi dakika kumi muhimu ukiwa umeenda kubadilisha betri? Nusu ya video tunazoletewa hatukuzirekodi sisi.

Wa pili anasema, pitisha kwenye HandBrake, chagua mwendo wa kudumu, halafu uediti. Nayo ni kweli. HandBrake ni ya bure, na kwa kazi nyingi za kawaida inatosha. Programu nyingine za kuediti nazo zimeamka: Shotcut inakuonya ikigundua fremu zinazobadilika, na Premiere Pro ilianza kuzipokea mwaka 2018. Lakini zote hizo zinafanya kazi ikiwa ratiba ya kweli bado iko ndani ya faili. Ikiwa mtu alishaitupa, hakuna kitufe cha kuirudisha. Ni wewe, masikio yako, na ile faili ya mistari michache. Tena hata kitufe kikifanya kazi, anayejua kilichofanyika anaweza kukikagua. Asiyejua anabonyeza na kuomba Mungu.

Wa tatu ndiye ananiuma. Anasema, "Hayo ni mambo ya wasomi, sisi ni watu wa mtaa." Ndugu yangu, mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Haya niliyasoma usiku nikitumia bando la jirani. Kuna kuhesabu, kugawanya na kufungua Notepad. Mama mboga wa Daraja Mbili anafanya hesabu ngumu kuliko hizi kabla ya saa mbili asubuhi, na hana kikokotoo. Kitu pekee cha kisomi hapa ni kwamba maelezo yake yako kwa Kiingereza, na hilo linaweza kurekebishwa na yeyote kati yetu mwenye saa mbili za kuandika.

Tufanye nini basi

Wakubwa wanaoendesha vyuo vya ufundi katika kaunti hizi mbili, na wale wanaofundisha kazi za mtandaoni chini ya mpango wa Ajira, nawaomba hivi: somo la video lianze na saa. Wiki moja tu. Mwanafunzi atoe ratiba ya video ya simu yake, aisome, aiharibu makusudi, aitengeneze. Baadaye mumwonyeshe kamera. Vifaa vya somo hilo ni kompyuta yoyote inayowaka na programu za bure. Hakuna zabuni ya kutoa hapo, labda ndiyo maana hakuna anayelisukuma.

Na sisi wa mtaani tuwe na mazoea yetu. Piga kofi moja mbele ya kamera zote mnapoanza, na jingine mnapomaliza. Ni bure, na linakupa sehemu mbili za kupimia. Usifute rekodi za awali hadi mteja aangalie kazi yote mpaka mwisho na kukubali, na kama ni sauti ya mzee, usizifute kabisa. Ukirekodi mubashara na mtandao ukakatika, hifadhi nakala iliyobaki kwenye mashine yako, usitegemee ile iliyopanda mtandaoni ikiwa na matundu. Toa ratiba ya kila video muhimu uiweke kando yake kwa jina lile lile. Faili ya milioni chache za herufi si mzigo kwa diski inayobeba saa tatu za picha.

Mteja naye asaidie. Ukiletewa video ya mzee wenu, usiangalie dakika mbili za mwanzo ukalipa. Mwanzoni karibu kila video iko sawa, kwa sababu makosa ya saa yanajumlishana polepole. Ruka hadi dakika kumi za mwisho, mtafute mtu anayeongea akiwa karibu na kamera, angalia midomo yake. Kama haikubaliani na sauti, mrudishie kijana kwa heshima na umwambie akatafute ratiba. Akikuuliza ratiba gani, basi mwambie asome makala haya kabla hajaenda kukopa pesa ya kamera nyingine.